Sindano za ganzi kwa maumivu sugu na neva zinazosumbua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wagonjwa na ndugu zao wa Mtwara na Lindi. Sehemu za dozi na za hatari zimewekwa pia kwa ajili ya matabibu na wauguzi wa vituo. Panapoandikwa "maumivu sugu", maana yake ni maumivu yaliyozidi miezi 3, hata kama huja na kuondoka.

Sindano ya ganzi ndiyo ileile ya kung'olea jino?

Ndiyo, dawa ni ileile au ndugu yake. Inayotumika zaidi ni lignokeini, ambayo wengine huiita lidokeini. Umeshakutana nayo ukishonwa jeraha, ukifanyiwa tohara, au ulipochomwa seftriaksoni ya msuli, kwa sababu unga wake huyeyushwa kwa lignokeini ili usikuchome sana. Ndugu wa zamani zaidi ni prokeini. Waliochomwa PPF wanamjua bila kujua: P moja ya PPF ni prokeini, ya pili ni penisilini. (Usiombe PPF kutibu mgongo. Hiyo ni antibayotiki.) Wa tatu ni bupivakeini, inayochelewa kushika lakini inakaa muda mrefu.

Kinachobadilika ni mahali na shabaha. Kwa jino, daktari anataka usisikie kwa saa moja. Kwa maumivu sugu, anatafuta neva moja au fundo moja la msuli linalolisha maumivu, analizima kwa muda, kisha anatazama kinachotokea.

Dawa inafanyaje kazi ndani ya neva?

Neva hupeleka taarifa kwa kufungua vijilango vidogo vya sodiamu, kimoja baada ya kingine, kama moto unavyotembea kwenye utambi. Dawa ya ganzi huingia ndani ya neva na kuviziba vijilango hivyo kwa ndani. Nyuzi nyembamba za maumivu na joto huzimika mapema, nyuzi nene za kugusa na za nguvu za misuli huchelewa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "nasikia unanishika lakini siumii", na hajakosea.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulipata kwa uchungu: penye usaha dawa haishiki vizuri. Usaha una tindikali, na tindikali huizuia dawa kupenya kwenye utando wa neva. Kuongeza mililita juu ya jipu hakuleti ganzi, kunaongeza hatari tu.

Lignokeini inaisha kwa saa mbili. Maumivu si yatarudi?

Kwa wengine yanarudi jioni ileile, na hilo pia ni jibu lenye faida, kama tutakavyoona. Kwa wengine nafuu inapita muda wa dawa yenyewe: siku kadhaa, wiki, mara nyingine zaidi. Lignokeini hushika ndani ya dakika 2 hadi 5 na hudumu kama saa 1 hadi 2. Bupivakeini huhitaji dakika 10 au zaidi na hudumu saa 4 hadi 8. Nafuu inayovuka hapo haitokani na dawa iliyobaki mwilini.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maumivu ya muda mrefu hujilisha yenyewe. Msuli ukiuma hukaza, ukikaza hubana neva na mishipa yake ya damu, ukibanwa huuma zaidi, na uti wa mgongo unaopokea taarifa hizo mchana na usiku huzoea kupaza sauti. Ukikata mzunguko huo hata kwa saa chache, msuli hulegea na mtu huweza kunyanyua mkono aliokuwa ameubana kwapani tangu msimu uliopita. Saa hizo ndizo za thamani. Anayechomwa kisha akarudi kulala kitandani ametumia nusu ya dawa. Mazoezi ya kunyoosha shingo, bega au nyonga yaanze siku hiyohiyo, taratibu, na yaendelee kila siku.

Ni maumivu gani yanafaa kwa sindano hizi?

Yale unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji mashine. Mgonjwa akipitisha kiganja kizima kuanzia shingoni hadi kisigino akisema "huku kote", sindano moja haitamsaidia.

Kundi kubwa ni mafundo ya misuli: begani juu, kati ya bega na shingo, pembeni mwa uti wa mgongo chini, na kwenye makalio. Yanawapata wanaoinama kuokota korosho kutwa nzima kuanzia Oktoba, wapakuzi wa magunia, mafundi cherehani, wachongaji vinyago. Ukilibonyeza fundo hilo unakuta kamba ngumu ndani ya nyama, na maumivu yanaruka kwenda mbali: la bega hupanda hadi kisogoni na nyuma ya jicho, la kalio hushuka mguuni na kuigiza mgongo uliobanwa neva.

Kundi la pili ni neva zinazokaa karibu na ngozi. Neva ya kisogo huleta kichwa kinachouma upande mmoja kuanzia nyuma kikija mbele. Neva ya pembeni mwa paja hubanwa na mkanda uliokazwa, ujauzito au tumbo kubwa, na paja huwaka moto kwa nje bila mguu kuishiwa nguvu. Neva ndogo za ukuta wa tumbo hubanwa pembeni mwa msuli wa katikati, na mgonjwa hutibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka. Hapa kuna kipimo kizuri: mgonjwa alale chali, mtabibu aweke kidole pale panapouma, kisha mgonjwa anyanyue kichwa na mabega bila kujishika. Maumivu yakizidi, chanzo ni ukuta wa tumbo. Yakipungua, tafuta ndani.

Kundi la tatu linahusu sana pwani yetu, na watu hulionea aibu: maumivu ya kinena baada ya upasuaji wa ngiri au busha. Kovu limepona vizuri, lakini miezi sita baadaye mtu bado anachomwa kama sindano akivaa suruali au akipanda baiskeli. Mara nyingi neva iliyopita hapo imenaswa kwenye kovu au uzi. Sindano ya ganzi karibu na mfupa wa nyonga, mbele, huonyesha kama neva hiyo ndiyo yenye kesi. Makovu mengine, ya upasuaji wa uzazi au ya jeraha la panga, huchunguzwa kwa njia hiyohiyo.

Maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi yamo pia, ingawa hapo vidonge kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku ndivyo hutangulia.

Nimeambiwa nina "mshipa". Ndiyo hiyo neva?

Muulize aliyekuambia. Kwetu "mshipa" ni ngiri, ni busha, ni mshipa wa damu, ni kano na ni neva, kutegemea nani anaongea. Daktari naye akisikia "mshipa unanivuta" anaweza kuandika kitu kingine kabisa. Eleza unachosikia bila kukipa jina: kinawaka, kinachoma, kinakaza, kimekufa ganzi, kinauma kama jino. Onyesha kwa kidole kinapoanzia na kinapoishia.

Mguu wangu hauumi, ila umekufa ganzi. Sindano itauamsha?

Hapana. Sindano ya ganzi huzima, haiamshi. Sehemu isiyo na hisia inahitaji kutafutiwa sababu, na sababu zenyewe huku kusini zinajulikana.

Ya kwanza kufikiria ni ukoma. Baka lililopauka au jekundu lisilohisi pamba wala ncha ya kalamu, au neva iliyonenepa kama kamba nyuma ya kiwiko, linatosha kukupeleka zahanati. Dawa za ukoma ni za bure, hutumika miezi 6 au 12, na neva inayowahiwa mara nyingi hupona. Ikianza kuuma ghafla na kidole kikaanza kujikunja, ni dharura ya kutumia prednisoloni kwa vidonge, chini ya usimamizi. Kuipiga ganzi neva hiyo na kumrudisha mgonjwa nyumbani ni kumpotezea mkono.

Ya pili ni kisukari, ambacho huanza kuua hisia kwenye nyayo zote mbili. Nyingine ni upungufu wa vitamini B12, hasa kwa aliyetumia metfomini miaka mingi, na upungufu wa B6 kwa anayemeza dawa za TB.

Halafu kuna konzo, iliyowahi kutokea mkoani Mtwara: miguu yote miwili hukakamaa ghafla baada ya wiki za kula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri. Hilo ni jeraha la njia za mwendo kwenye ubongo na uti wa mgongo. Sindano ya msuli wala ya neva haiigusi.

Inachomwaje, hatua kwa hatua?

Tuchukue fundo la bega, maana ndilo la kawaida kuliko yote.

Mgonjwa hulala kifudifudi au kwa ubavu. Kumchoma mtu aliyeketi kwenye stuli ni kumwalika azimie aanguke. Mtabibu hutafuta kamba ngumu kwa ncha za vidole viwili, hubonyeza hadi mgonjwa aseme "hapo hapo, hayo ndiyo maumivu yangu", kisha hutia alama kwa kalamu. Kama mgonjwa hasemi maneno hayo, bado hajafika. Dakika tano za kutafuta ni bora kuliko mililita tano za kubahatisha.

Ngozi husafishwa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe, kama nusu dakika. Spiriti mbichi haiui vizuri, tena inawasha. Sindano inayofaa ni nyembamba, namba 25 yenye kitako cha rangi ya chungwa, au namba 27 ya kijivu. Ile ya kijani, namba 21, ya kuchomea makalio, huacha msuli umevilia damu. Kamba hubanwa kati ya kidole gumba na cha shahada ili isiteleze, na juu ya bega nyama hunyanyuliwa kabisa kutoka kwenye kifua, kwa sababu kilele cha pafu kiko chini yake.

Sindano inaingia, bomba linavutwa nyuma kidogo kuhakikisha hakuna damu, ndipo mililita 0.5 hadi 1 inasukumwa taratibu. Mara nyingi msuli hushtuka, kama samaki anavyogusa chambo. Huo ni mshtuko mzuri. Bila kuitoa sindano kwenye ngozi, ncha hurudishwa nyuma na kuelekezwa pembeni mara mbili tatu, kidogo kidogo. Baada ya hapo pamba hubonyezwa dakika 2, na bega huzungushwa mbele na nyuma mgonjwa akiwa bado kitandani.

Kisogoni hali ni tofauti kidogo. Pima mstari kutoka kwenye nundu ya mfupa nyuma ya kichwa hadi mfupa wa nyuma ya sikio. Neva ya kisogo iko kwenye theluthi ya kwanza kutoka nundu, na pembeni yake mshipa wa damu unapiga chini ya kidole. Mililita 2 hadi 3 zinatosha, juu ya mfupa, bila kuingia kwenye uwazi chini ya fuvu. Ngozi itavimba kama punje ya korosho na kushuka ndani ya dakika chache. Baada ya robo saa, nywele za upande huo zinapaswa kuwa na ganzi ukizipitishia kitana. Zisipokuwa na ganzi, sindano ilikosa neva, na huwezi kusema tiba imeshindwa.

Dozi ya juu ni ipi?

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, na yote ni ya hesabu. Asilimia 1 ni miligramu 10 kwa kila mililita. Asilimia 2 ni miligramu 20. Chupa ya lignokeini ya asilimia 2 ni ya kawaida sana vituoni, na anayesoma kitabu kinachotaja asilimia 1 akavuta kutoka chupa hiyo amempa mgonjwa dozi mara mbili.

Kwa lignokeini isiyo na adrenalini (dawa ya kubana mishipa ya damu), kaa ndani ya miligramu 3 kwa kilo. Mama wa kilo 50 hapaswi kuzidi miligramu 150, yaani mililita 15 za asilimia 1, au mililita 7.5 tu za asilimia 2. Kwa bupivakeini ni miligramu 2 kwa kilo: mama huyohuyo, miligramu 100, yaani mililita 20 za asilimia 0.5. Ukichanganya dawa mbili, sumu zake zinajumlishwa. Nusu ya hii na nusu ya ile ndiyo dozi kamili, wala huanzi hesabu upya kwa kila dawa.

Kwa mafundo ya misuli asilimia 1 au hata 0.5 inatosha. Changanya mililita 5 za asilimia 2 na mililita 5 za saline ya asilimia 0.9, umepata mililita 10 za asilimia 1. Mzee, mtu aliyekonda, mwenye ini au moyo dhaifu apewe chini ya hapo. Kati ya mbavu dawa huingia kwenye damu haraka kuliko karibu sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo dozi ipunguzwe.

Mambo mawili ya chupa: tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake na isipite siku 28. Na chupa za kutumia mara nyingi zina dawa ya kuzuia kuoza, hivyo hazifai kwa sindano ya uti wa mgongo.

Kwa nini wengine huchanganya na steroidi?

Ili kupunguza uvimbe pale ambapo uvimbe upo kweli: neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, au kifuko cha maji cha bega. Kwenye fundo la kawaida la msuli steroidi haiongezi faida inayostahili madhara yake, na ganzi tupu inatosha.

Madhara yenyewe yanaonekana. Ngozi nyeusi hupauka mahali pa sindano na mafuta ya chini yake huliwa, kikabaki kishimo cheupe kwa miezi. Sukari hupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwenye kisukari aipime kila siku wiki ya kwanza. Kano kubwa ya kisigino inaweza kukatika.

Lipo jambo ambalo mgonjwa lazima aseme hata kama anaona haya: kama anatumia ARV zenye ritonavir, kama zile za mstari wa pili. Ritonavir huzuia ini kuiondoa triamsinoloni, moja ya steroidi za sindano, na sindano moja tu inaweza kumvimbisha uso na kuzilaza tezi zake za juu ya figo kwa wiki nyingi. Mnong'oneze daktari, au mwonyeshe kadi. Ganzi tupu kwa dozi hizi ndogo haina tatizo hilo.

Nilichomwa na sikupata nafuu yoyote. Ina maana gani?

Maana inategemea swali moja: palikufa ganzi? Kama hapakufa, dawa haikufika, na jibu halijapatikana. Kama palikufa ganzi vizuri na maumivu yakabaki vilevile, chanzo kiko kwingine. Hiyo ni taarifa ya thamani, imekuepusha na upasuaji wa mahali pasipo na kosa.

Kwa hiyo pima. Kabla ya sindano jipe alama kutoka 0 hadi 10, kisha dakika 30 baadaye, kisha kila saa hadi saa 6, kwenye karatasi. Usisubiri kliniki ijayo ndipo ukumbuke, maana kila mtu hukumbuka vibaya. Maumivu yakishuka nusu au zaidi wakati wa ganzi, neva au fundo hilo linahusika. Ukipima, fanya kile kinachokuumiza: chuchumaa, inua ndoo, geuza shingo. Mtu aliyelala hawezi kujua kama nyonga imepona.

Ni kweli kovu la mguuni linaweza kuumiza bega?

Madai hayo yana historia. Mwaka 1925 ndugu wawili madaktari wa Ujerumani, Ferdinand na Walter Huneke, walimchoma dada yao mwenye kipandauso dawa iliyokuwa na prokeini, na kichwa kikatulia papo hapo. Mwaka 1940 Ferdinand alimchoma mwanamke kwenye kovu la mguu, na bega lililokuwa likimsumbua likaacha kuuma mara moja. Hapo ikazaliwa tiba inayotafuta "kiini cha usumbufu" mbali na panapouma: makovu, meno, mafindofindo.

Ushahidi wa sehemu hiyo ni dhaifu, na nafuu ya ghafla ya mtu mmoja haitoshi kujenga kanuni. Kuchoma kovu linalouma lenyewe ni jambo lenye mantiki. Kuchoma makovu yote ya mwili kwa sababu goti linauma, siku baada ya siku na kwa malipo, ni jambo la kukataa kwa upole.

Hatari ni zipi?

Ya kawaida ni kizunguzungu na kuzimia kwa hofu, ndiyo maana mtu alazwe. Kuvilia damu na maumivu ya siku mbili mahali pa sindano pia ni kawaida.

Ya kuogopwa ni dawa kuingia kwenye mshipa wa damu au kuzidi dozi. Ishara huja kwa mpangilio unaofaa kukaririwa: ladha ya chuma mdomoni, midomo kuwasha na kufa ganzi, masikio kuvuma, maneno kuteleza, misuli kurukaruka, kisha mtukutiko kama wa kifafa na moyo kwenda ovyo. Mara nyingi huanza ndani ya dakika 5, ila inaweza kuchelewa nusu saa. Mgonjwa akisema "mdomoni nasikia kama nimelamba msumari", sindano isimame hapohapo. Oksijeni, njia ya hewa, diazepamu au midazolamu kwa mtukutiko, na mafuta ya mshipani ya asilimia 20: mililita 1.5 kwa kilo kwa dakika 2 hadi 3 (kilo 50 ni mililita 75), yakifuatwa na mililita 0.25 kwa kilo kwa dakika. Moyo ukisimama, adrenalini itolewe kwa dozi ndogo kuliko ilivyozoeleka. Kituo kisicho na mafuta hayo kibaki kwenye mafundo ya misuli na neva za juujuu kwa dozi ndogo, bupivakeini nyingi ikaachwa hospitalini.

Pafu kutobolewa hutokea kwa sindano za bega la juu, kifua na mbavu. Kichomi na pumzi kukatika saa chache baadaye si gesi. Rudi siku hiyohiyo upigwe picha ya kifua.

Sindano ya kinena mara nyingine huvuja hadi neva kubwa ya paja. Mgonjwa anasimama, goti linamkatikia, anaanguka. Kwa hiyo hasimami bila kushikwa mkono. Nguvu hurudi dawa ikiisha.

Umeme mkali ukipiga mguuni au mkononi sindano inapoingia, sema. Ncha imegusa neva, na inatakiwa irudi nyuma kabla dawa haijasukumwa. Kunyamaza kwa ujasiri hapa ni kosa.

Mzio wa kweli wa lignokeini ni nadra. Prokeini huuleta zaidi. Moyo kwenda mbio kwenye kiti cha meno kwa kawaida ulisababishwa na adrenalini iliyokuwemo, wala haukuwa mzio, lakini mweleze daktari hata hivyo.

Nani asichomwe?

Mwenye kidonda au jipu pale pale. Mwenye homa isiyojulikana. Anayetumia wafarini au dawa nyingine kali za kuzuia damu kuganda asichomwe sindano za kina bila kupimwa (aspirini peke yake haizuii sindano za juujuu). Mwenye hitilafu ya umeme wa moyo asiye na kifaa cha kuuendesha. Mjamzito anaweza kupewa lignokeini kidogo ikihitajika. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Na yupo anayehitaji uchunguzi kwanza, si sindano: mgongo unaouma pamoja na homa za jioni na kukonda, kwa sababu TB hukaa kwenye pingili, maumivu yanayoamsha usiku kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani, na mgongo unaouma huku mkojo umegoma au haja inatoka bila kujua na sehemu za siri zimekufa ganzi. Huyo wa mwisho aende hospitali leo, asisubiri basi la kesho.

Nichomwe mara ngapi?

Kwa mafundo ya misuli, wiki 1 hadi 2 kati ya sindano. Ikiwa mara 2 au 3 zenye ganzi nzuri hazikuongeza muda wa nafuu, acha. Dalili ya mafanikio ni nafasi kuongezeka: siku 2, kisha 6, kisha wiki 3. Anayepata saa 2 zilezile kila mara analipia saa 2.

Baada ya sindano nifanye nini?

Kaa kituoni nusu saa. Usiendeshe bodaboda mkono au mguu ukiwa na ganzi. Usishike sufuria wala kukaa karibu na jiko la mkaa, kwa sababu ngozi iliyolala haikuambii kama inaungua. Midomo ikiwa na ganzi usinywe chai ya moto. Usikande kwa maji ya moto siku hiyo. Kama unarudi mbali, Liwale au Newala, kaa siti ambayo unaweza kunyoosha mguu, na basi likisimama shuka utembee. Maumivu yanaweza kuzidi kidogo usiku wa kwanza, parasetamo inatosha. Wekundu unaotanuka, joto na usaha kuanzia siku ya pili vinakurudisha kituoni.

Duka la dawa mtaani wana "sindano ya maumivu". Ni hiyohiyo?

Ni nadra sana. Mara nyingi ni diklofenaki, au deksamethasoni, au zote mbili kwenye bomba moja, zikichomwa kalioni. Zinatuliza mwili mzima kwa siku moja mbili, na zikirudiwa kila wiki huumiza figo na tumbo, kupandisha presha na kuficha ugonjwa. Uliza jina la dawa na uombe kuiona chupa. Asiyetaka kukuonyesha amekujibu.

Huku kusini nianzie wapi?

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, ukapimwe sukari, presha na ukoma, na upewe rufaa. Kutoka hospitali ya wilaya njia huenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na juu yake Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao zimezoeleka pia kwa wagonjwa wa mbali. Si kila siku yupo mtu anayechoma neva, kwa hiyo piga simu au mtume kijana aulizie siku ya kliniki ya mifupa, au mtaalamu wa ganzi na usingizi, kabla hujakata tiketi. Siku hiyo nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, karatasi yako ya alama za maumivu, nguo inayofunguka kirahisi pale panapouma, na mtu wa kukushika mkono ukishuka kitandani.